Stars wanajua kukaa nyuma. Kutoka je?

San Pedro, Ivory Coast, 21 Januari 2024. Simon Msuva ameshacheka na nyavu tangu dakika ya 11, pasi ya Mbwana Samatta. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia anakula njano ya pili, anatoka. Taifa Stars, timu ya Tanzania, tunaongoza 1-0, wenzetu wamebaki kumi, kipindi kizima cha pili kinatusubiri, na nchi haijawahi kushinda mechi hata moja ya fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu ilipokanyaga huko mara ya kwanza mwaka 1980. Pale kibanda umiza nilipokuwa naangalia, watu walishaanza kupiga hesabu za mechi ya Kongo. Dakika ya 88 Zambia wakapiga kona, Patson Daka akawazidi mabeki wetu kuruka, kichwa, moja moja.

"Alipaki basi." Hiyo, yaani alijaza watu mbele ya lango lake, ndiyo ilikuwa lugha ya wiki nzima, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi vipindi vya michezo vya asubuhi redioni. Hemed Suleiman, aliyekabidhiwa timu ghafla baada ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kumfungia Adel Amrouche mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, akageuka mshtakiwa namba moja. (Hemed mwenyewe jina lake la utani ni Morocco, na Morocco hao hao walikuwa wametoka kutuchapa 3-0 siku nne kabla. Mpira una utani wake.)

Mimi sina ugomvi na basi. Tulifikaje Ivory Coast kwani? Tulifika kwa suluhu ya Annaba, Septemba 2023, Algeria wakiwa kwao, Stars ikihitaji pointi moja tu na ikaenda kuichukua kwa kujazana mbele ya lango lake dakika tisini. Usiku ule hakuna aliyelalamika kuhusu basi. Watu waliimba. Kwa hiyo tukubaliane kwamba hasira zetu hazitokani na kanuni yoyote ya soka. Basi likifika salama tunapanda wote, likipata pancha tunamtafuta dereva.

Kinachonisumbua kwenye mechi ya Zambia ni kitu kingine, na nimeirudia mara kadhaa ili nijiridhishe. Acha kuangalia mabeki. Angalia kila mpira tulioupokonya kipindi cha pili, kisha fuatilia miguu mitatu ya kwanza baada ya hapo. Beki anaanua, mpira unakwenda juu, mbele kuna mtu mmoja katikati ya watatu, unarudi. Kiungo anapokonya, anageuka, hakuna aliyekimbia, anarudisha kwa beki, beki anabutua, unarudi. Timu yenye watu kumi ikawa inashambulia kama ina kumi na wawili, kwa sababu kila ilipopoteza mpira ililetewa tena ndani ya sekunde tano. Ukimpa mtu nafasi ya kupiga krosi na kona nusu saa mfululizo, haijalishi umejaza watu wangapi kwenye kumi na nane, eneo la penalti. Moja itamkuta Daka.

Kuzuia tunajua. Hatujui kutoka.

Nianze na namna inavyofanywa na wanaojua, maana neno "mashambulizi ya kushtukiza" watangazaji wetu wamelichosha. Mtu akipiga mpira mrefu winga akaukimbilia, tayari "wanashtukiza". Kaunta ya kweli imepangwa kabla mpira haujapokonywa, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Rostov, 2 Julai 2018, Ubelgiji na Japani, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Japani walikuwa wameongoza 2-0, Ubelgiji wakasawazisha, dakika za nyongeza zinayoyoma, Keisuke Honda anapiga kona. Anataka bao la ushindi. Japani wamepeleka watu wengi mbele, na mechi wanaiona iko mkononi.

Thibaut Courtois anaidaka ile kona. Hapa ndipo mambo yote yalipoamuliwa, na hakuna aliyekuwa bado amekimbia. Kipa wa kwetu akidaka kona dakika ya 94 matokeo yakiwa sare, analala chini na mpira, anaukumbatia, mwamuzi anamwambia inuka, anafunga kamba za viatu. Courtois alipiga hatua kadhaa mbele, akauviringisha chini kwa Kevin De Bruyne ambaye alishaanza kuondoka kabla hajapewa. De Bruyne akaenda nao katikati ya uwanja, mtu hamgusi, kichwa juu. Akasubiri mpaka beki ajitokeze kumkabili, ndipo akauachia kulia kwa Thomas Meunier. Meunier krosi ya chini. Romelu Lukaku, aliyekuwa karibu kabisa na lango, akaupisha upite. Nacer Chadli nyuma yake akamalizia. Tangu mikono ya Courtois hadi nyavuni hazikufika sekunde 15.

Ukiirudia ile video, usimwangalie mwenye mpira. Mwangalie Lukaku peke yake. Anaanza kukimbia kuelekea kulia, halafu anakata kuingia ndani, na beki wa Japani aliyekuwa upande ule anavutwa naye. Huo mwanya alioacha ndio aliopita Meunier. Kisha anafika kwenye kumi na nane na beki mwingine anamfuata, anaupisha mpira, na Chadli anabaki peke yake. Lukaku hakuugusa mpira hata mara moja kwenye bao lile, na bila yeye bao lile halipo. Straika wa namna hiyo haonekani kwenye takwimu za mashabiki. Kwetu angezomewa kwa "kutojituma".

Basi, hesabu vitu vilivyohitajika pale: kipa anayefikiria mbele wakati wengine wanafikiria kupumua, mtu mmoja wa kubeba mpira mita hamsini bila kuupoteza, mmoja wa pembeni aliyekimbia umbali wote ule mwishoni mwa mechi ngumu, mmoja wa kuwahadaa mabeki, na mmoja wa kumalizia. Watano. Wengine sita wangeweza kuwa wamekaa chini.

Watu hupenda kusema timu ya taifa haina muda wa kufundishwa hayo. Ni kweli kwamba kocha wa taifa anaishi kwa kuazima. Anawapata wachezaji siku chache kwenye dirisha la FIFA, nusu wamechoka na safari, mmoja anafika usiku wa kuamkia mazoezi ya mwisho. Ndiyo maana timu nyingi ndogo za taifa huanza na ukuta. Kuwapanga wanaume kumi kwenye mistari miwili, umbali kati ya beki na kiungo usizidi hatua fulani, mpira ukienda kulia wote tunasogea kulia, hicho ni kitu cha kufundisha kwa siku tatu tena kwa kutembea tu. Kushambulia kwa pasi nyingi kunahitaji miezi ya kuzoeana.

Lakini kutoka nako kunafundishika haraka. Ushahidi ni Morocco ya Qatar. Walid Regragui alipewa timu mwisho wa Agosti 2022, Kombe la Dunia likiwa Novemba. Alicheza nayo mechi chache za kirafiki tu. Kufikia nusu fainali ilikuwa imefungwa bao moja, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Wengi wanaikumbuka kama timu ya ukuta, na ukuta ulikuwepo kweli: Sofyan Amrabat mbele ya mabeki akifagia kila kitu, mistari imebanana, Youssef En-Nesyri anaacha kuwafuata mabeki wa kati wa Hispania na kukaa karibu na Sergio Busquets ili mpira usipite kati. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 siku ile ya 16 bora. Walimiliki mpira kwa asilimia 77, wakalenga lango mara moja, wakaondolewa kwa penalti bila kufunga hata moja. Pablo Sarabia mwamba, Carlos Soler na Busquets mikononi mwa kipa Bono.

Ila nenda kaangalie Morocco walifanya nini walipoupata mpira. Kushoto kuna Sofiane Boufal, mtu wa kukaa na mpira mguuni huku watu wawili wanamkata, anawazungusha, anapata faulo, timu nzima inapanda hatua thelathini na kuvuta pumzi. Kulia kuna Achraf Hakimi na Hakim Ziyech, mmoja akishika mwingine anapita. Katikati Azzedine Ounahi, kijana mwembamba ambaye wengi tulikuwa hatumjui, anaubeba mpira kupita presha kana kwamba presha haipo. Njia tatu tu, zile zile kila mechi, na kila mchezaji anajua akiupokonya mpira upande huu anamtafuta nani. Hawakubutua. Walipobutua, walimbutulia En-Nesyri, ambaye kuruka ndiko kazi yake. Muulize Diogo Costa wa Ureno aliyetoka golini dakika ya 42 kuifuata krosi ya Yahia Attiat-Allah akakuta kichwa cha En-Nesyri kimefika kwanza.

Na njia ya kutoka si lazima iwe mbio. Ugiriki walitwaa Euro 2004 na kocha Otto Rehhagel, timu ambayo hakuna aliyetaka kulipa kiingilio kuitazama, na mabao yao yote matatu ya hatua ya mtoano yalikuwa vichwa: Angelos Charisteas dhidi ya Ufaransa, Traianos Dellas dhidi ya Czech, Charisteas tena dhidi ya Ureno kwenye fainali mbele ya mashabiki wao. Krosi moja na kona mbili. Hawakuwa na winga wa kutisha, walikuwa na kitu kimoja wanachokijua vizuri kuliko mpinzani, na walikitafuta kitu hicho kila mpira ulipovuka katikati ya uwanja. Japani nao, Qatar, waliwafunga Hispania 2-1 wakiwa na mpira asilimia 17.7 tu, kiwango cha chini kabisa kwa timu iliyoshinda mechi ya Kombe la Dunia. Wengi wanasoma takwimu hiyo wanasema "waliwapaki". Mabao yote mawili yaliingia ndani ya dakika sita za mwanzo wa kipindi cha pili, Japani walipotoka ghafla na kuwapigia presha juu kabisa, kwenye boksi lao. Walichagua muda wao wa kutoka. Walikaa chini kabla na baada, siyo wakati ule.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nina la kusema ambalo silisikii sana vijiweni.

Kikosi cha Yanga cha msimu wa 2022/23, chini ya Nasreddine Nabi, kilikuwa timu ya kaunta kwelikweli ugenini. Kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kikafungwa 2-1 kwa Mkapa, uwanja wa taifa pale Dar, na USM Alger, kikaenda Algiers kikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, kikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Unaweza kukitaja kile kikosi usingizini. Nyuma, mabeki wa kati: Dickson Job, Bakari Mwamnyeto, Ibrahim Hamad 'Bacca'. Watanzania. Mbele: Fiston Mayele na Tuisila Kisinda kutoka Kongo, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Kennedy Musonda wa Zambia. Unaona mstari ulipochorwa? Anayezuia ni wa kwetu. Anayetoka na mpira ni wa kununuliwa.

Simba hali ni ile ile, miaka nenda rudi. Ile 1-0 ya Al Ahly kwa Mkapa mwaka 2021 alifunga Luis Miquissone wa Msumbiji. Shomari Kapombe na Mohamed Hussein 'Tshabalala' walikuwa mabeki wa pembeni wa uhakika, na mbele yao kila msimu likaja jina jipya kutoka nje. Siwalaumu viongozi wa klabu. Mashabiki wanataka makundi ya CAF, makundi yanataka straika aliyeiva, straika aliyeiva anauzwa sokoni na kanuni za ligi zinawapa nafasi 12 za wageni. Wakazijaza sehemu inayoamua mechi. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Matokeo yake ni Taifa Stars yenye ukuta wa Kariakoo, yaani wa Simba na Yanga, na mbele ya kuokoteza. Kocha yeyote akija, awe Amrouche, Hemed au Miguel Gamondi, anakuta mabeki wanaoelewana kwa macho kwa sababu wanacheza pamoja au wanakutana kila msimu, anakuta viungo wa kukaba wa kutosha, halafu anageukia upande wa pili wa ubao na kalamu inasita. Kuna Msuva, winga aliyeondoka Yanga akaenda Morocco, Difaâ El Jadida kisha Wydad, na huko akajifunza ile kazi ya kuingia nyuma ya beki bila kuotea. Kuna Samatta, ambaye anaweza kupokea mpira akiwa amegeuzia lango mgongo na beki amemwegemea, na ukabaki. Bao la San Pedro lilikuwa la hao wawili. Wote wawili waliivia nje, na wote wawili wamezidi thelathini.

Nilipokuwa naangalia Stars na Kongo kwa Mkapa, Oktoba 2024, kufuzu AFCON, nilikuwa na wazo hili hili kichwani, halafu mpira wenyewe ukaniandikia hitimisho kwa hati mbaya. Stars ilikaba vizuri muda mrefu. Dakika za lala salama Kongo, timu ya Mayele, Mayele wetu wa Jangwani kwa Yanga, wakafunga mara mbili. Kongo 2-0. Uwanja ule ule ambao Mayele alikuwa akifungia akiwa na jezi ya kijani na njano, mbele ya watu wale wale, dhidi ya mabeki aliofanya nao mazoezi kila asubuhi kwa misimu miwili. Baadhi ya mashabiki waliwapigia makofi. Sikuwashangaa.

Lakini kuna ubishi ambao lazima nikutane nao, nao ni wa Kasarani, Nairobi.

Agosti 2025, CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za ndani tu. Kenya, chini ya Benni McCarthy, wanakutana na Morocco, ambao baadaye walilibeba kombe. Ryan Ogam anafunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo anaoneshwa nyekundu. Kipindi kizima cha pili Harambee Stars wanacheza kumi, na Morocco hawapati bao. Bila Samatta, bila mtu wa Ulaya, bila wageni. Kwa nini wao wakiwa kumi waliweza, na sisi tukiwa kumi na mmoja dhidi ya kumi tukashindwa?

Jibu langu ni kwamba kuwa kumi ni rahisi kuliko tunavyofikiri, kichwani. Kila mtu anajua kazi yake ni nini na shabiki amekusamehe mapema. Hakuna anayekudai pasi nzuri. Walichofanya Wakenya, nilivyoona mimi, ni kuacha mtu mbele wa kuwasumbua Morocco. Mabeki wa Morocco hawakuweza kupanda wote, wakawa wanashambulia huku wanageuza shingo. Hicho ndicho kilichotushinda San Pedro. Mwenzako akibaki kumi unajikuta umepewa mali usiyoizoea. Timu iliyojiandaa wiki nzima kuishi bila mpira inaachiwa mpira, inaambiwa miliki, tulia, poza mechi. Haikufundishwa hivyo. Basi inarudi kwenye kile inachokijua, inashuka hatua moja, halafu nyingine, mpaka mawinga wanakuwa mabeki wa pembeni wa pili na straika yuko peke yake mstari wa katikati akipunga mikono.

Morocco wa Regragui nao yaliwakuta, tena kwenye nusu fainali. Theo Hernandez aliwafunga dakika ya 5, na ghafla timu ya kushtukiza ikawa nyuma. Ufaransa wakaketi chini, wakawaachia mpira. Morocco waliumiliki kuliko Ufaransa, wakapiga pasi nyingi, wakagonga ukuta, wakafungwa la pili na Randal Kolo Muani dakika ya 79. Dawa yao ilikuwa imegeuzwa ikanyweshwa wao.

AFCON iliyofuata, ya Morocco, Desemba 2025, ilinipa moyo kidogo, ingawa jedwali halioneshi tofauti. Pointi mbili Ivory Coast, mkia wa kundi. Pointi mbili tena Morocco, nafasi ya tatu, na safari hii zikatupeleka 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Bahati ya mfumo unaowapitisha baadhi ya wa nafasi ya tatu, sikatai. Ila angalia kitu kimoja: Ivory Coast tulifunga bao moja katika mechi tatu. Morocco tulifunga kila mechi ya kundi. Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, Msuva kwa penalti dhidi ya Uganda, Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Bao la M'Mombwa lilikuja mwanzoni tu mwa kipindi cha pili, na dakika mbili baadaye Ademola Lookman akajibu. Hilo la dakika mbili ni gonjwa letu lingine, linataka makala yake. Lakini Gamondi, aliyeichukua timu wiki chache tu kabla, alikuwa na watu wanaoondoka mpira unapopokonywa. Mechi ya wenyeji, 4 Januari 2026 mjini Rabat, tulifungwa 1-0 na Brahim Díaz dakika ya 64 na tukamaliza tukiwa tunashambulia, kelele za penalti dakika za nyongeza zikiwa upande wetu. Miaka miwili nyuma Morocco hawa hawa walitufunga tatu na hatukuvuka katikati.

Mwaka 2027 AFCON inakuja hapa, sisi na Kenya na Uganda. Basi la Annaba halitapokelewa kwa Mkapa. Watu 60,000 waliolipa kiingilio hawatakubali kuona Stars imejikunyata nyumbani, na kwenye CHAN tulishaonja: Mauritania walikuja kukaa, tukawagonga hadi Kapombe akatuokoa dakika ya 89. Wageni wa aina hiyo watakuwa kwenye kundi letu. Na watakuwepo pia vigogo ambao hatuwezi kuwamiliki hata tukiwa kwetu, na kwa hao tutahitaji kujua kutoka.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye benchi la ufundi ningefanya jambo ambalo lingenipatia matusi. Mawinga na mastraika wa kaunta nisingewatafuta Simba wala Yanga. Kijana wa Kitanzania anayekaa benchi la vigogo nyuma ya mgeni akiingia, anaingia dakika ya 75 timu yake ikiongoza, wapinzani wamejazana, anapigiwa pasi za mguuni mbele ya ukuta. Hajawahi kukimbia mita hamsini na mpira mechi nzima, kwa sababu mita hizo hazipo. Mita hizo anazo mwenzake wa timu ya mkoani, iliyokuja Dar kukaba. Yule ndiye anayeshinda dakika themanini anamfukuza beki wa pembeni wa kigogo, halafu mpira ukipokonywa anapewa nafasi moja, pengine mbili, na mabeki wa kimataifa nyuma yake. Anacheza mechi ya Taifa Stars kila anapokutana na vigogo. Tofauti ni kwamba hakuna anayemwangalia yeye. Kamera iko kwa mgeni.

Nikienda uwanjani mechi za namna hiyo siku hizi nakaa upande ambao timu ndogo inashambulia. Wengi wao wanaharibu: mguso wa kwanza unawatoka, au wanapiga wakati wa kupitisha. Mmoja mmoja hapana. Ana ule utulivu wa De Bruyne wa kusubiri beki ajitokeze kwanza, japo jezi yake ina jina la mdhamini ambaye humjui. Yule ningemwita kambini na kumpanga na Feisal nyuma yake, nikampa njia mbili tu za kukariri, halafu ningezima simu. Siku kikosi kikitangazwa, winga wa klabu kubwa akiwa hayumo na huyu yumo, wachambuzi wangeuliza nani amemlipa kocha.